Daipoli ya viungo: antena ya mita 40, 30 na 20 inayoingia kwenye begi

Mtu anayepanda mlima au kwenda kambini na redio ya wati 5 hana wati za kuchezea. Nguvu hiyo ndogo ikiingia kwenye antena mbovu hugeuka joto, na stesheni ya upande wa pili haisikii kitu. Ndiyo maana tunashauri antena ya kwanza ya safari iwe daipoli ya waya yenye urefu kamili: katikati imening'inizwa kwenye mlingoti mmoja, na mikono yake miwili inashuka huku na huku kama paa la nyumba. Vifimbo vifupi vyenye koili ni vyepesi kubeba, lakini kwenye bendi ya mita 40 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake) fimbo ya mita moja na nusu huacha sehemu kubwa ya nguvu kwenye koili na kwenye udongo. Waya wa mita 20 hauna kasoro hiyo, na ukikunjwa unaenea kiganjani.

Antena inayoelezwa hapa, pamoja na kebo yake lakini bila mlingoti, haizidi nusu kilo.

Hesabu kwanza

Urefu wa daipoli ya nusu wimbi, kwa mita, hupatikana kwa kugawa 142.6 kwa masafa ya megahezi. Kwa 14.15 (bendi ya mita 20) unapata mita 10.08, yaani mkono mmoja ni mita 5.04. Kwa 10.125 (bendi ya mita 30) mkono ni mita 7.04. Kwa 7.1 (bendi ya mita 40) mkono ni mita 10.04. Kila mkono utakuwa na vipande vitatu vinavyoungana kwa viungo viwili: ukifungua vyote unabaki na bendi ya mita 20, ukifunga cha ndani unapata 30, ukifunga vyote unapata 40. Hakuna tyuna (kisanduku cha kulinganisha antena na redio), hakuna koili, hakuna nguvu inayopotea humo.

Angalizo kwa wanaonakili vipimo vya Wamarekani: bendi yao ya mita 40 inafika 7.3, yetu ya Kanda ya 1 (Afrika na Ulaya) inaishia 7.2. Antena yao iliyolengwa katikati ya bendi yao itakuwa fupi kwako.

Plastiki inayofunika waya hupunguza kasi ya wimbi, na ncha zikikaribia ardhi nazo huivuta antena ishuke masafa. Kwa hiyo urefu wa mwisho utakuwa mfupi kidogo kuliko hesabu, kwa kawaida asilimia 2 hadi 5, kutegemea waya wenyewe. Hata hivyo unaanza kwa kukata mrefu. Kipande cha ndani kikate mita 5.20, cha kati 2.10, cha nje 3.10, na kila mahali waya unapofungwa ongeza sentimita 10 za kupitisha kwenye matundu.

Vifaa

Waya ulio rahisi kupatikana ni ule wa spika, nyuzi mbili zilizoshikana, wa milimita za mraba 0.5. Nunua mita 11.5, upasue katikati taratibu kwa mikono, na utakuwa na mita 23. Kabla ya kulipa, kwangua ncha kwa kisu. Nyuzi zikibaki nyekundu mpaka ndani, hiyo ni shaba. Zikitoka nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba juu: haishiki risasi ya kulehemia vizuri, na ikikunjwa mara kadhaa penye kiungo hukatika ndani ya plastiki bila wewe kuona. Iache dukani hata kama ni nusu bei.

Kebo ya koaksi: mita 10 za RG-174. Hapa ndipo penye uamuzi wa kweli wa uzito. Mita 10 za RG-174 zina gramu kama 120, na kwenye 14 MHz hupoteza zaidi kidogo ya desibeli moja, karibu robo ya nguvu yako. Mita 10 za RG-58 hupoteza nusu ya hapo lakini zina uzito mara tatu. Kwa kupanda mlima kwa miguu tunachagua RG-174. Kwa kambi ya kufika na gari, RG-58 bila kusita. Usinunue ndefu kuliko mlingoti wako pamoja na mita mbili tatu za kufikia redio.

Vingine: pete moja ya feraiti aina ya FT140-43, konekta ya redio yako, na BNC ni nyepesi kuliko PL-259, jozi nne za pini ndogo za umeme wa gari, dume na jike, kibao cha plastiki cha kukatia mboga, kile cheupe kizito, mita 25 za kamba ya nailoni ya milimita 2, vigingi vitatu, na mlingoti wa faibaglasi wa mita 7 unaojikunja. Mlingoti wa kaboni usiutumie. Kaboni inapitisha umeme, na waya ukilala juu yake antena inayumba. Mwanzi mkavu wa mita 6 unafaa sana mahali ambapo huendi mbali kwa miguu. Kamba ya katani iache nyumbani: ikinyeshewa hunywa maji, ikawa nzito na kubadilika urefu.

Choki, na kwa nini usiiache

Daipoli ina mikono miwili sawa, koaksi haiko sawa. Ukiunganisha moja kwa moja, mkondo hupata njia ya tatu: upande wa nje wa shildi, ule msuko wa waya unaozunguka kebo. Hapo kebo inageuka sehemu ya antena. Dalili zake ni mbili, na ukishaziona mara moja huzisahau: SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, 1 ndiyo bora) inabadilika ukishika kebo, na maikrofoni inauma midomo unapozungumza. Dawa ni kuupinga mkondo huo kwa choki, neno lilelile mafundi wa taa za tyubu wanalolijua.

Pitisha RG-174 ndani ya pete mara 11. Kila kebo inapopita kwenye tundu ni zungushi moja. Hesabu ndani ya tundu, si nje. Panga zungushi zikae bapa bila kupandana, na ncha ya kuingilia na ya kutokea zitenganishwe, zisilale pamoja. Kazi hii hula sentimita 55 hivi za kebo. Zibane zungushi za mwanzo na mwisho kwa kamba ndogo ya plastiki, lakini usikaze mpaka kebo inabonyea, kwa sababu waya wa kati wa RG-174 husogea ndani ya plastiki yake inapobanwa au kupata joto.

Pete isiyo sahihi ndiyo kosa la kawaida kuliko yote. Pete za njano zinazotolewa kwenye pawa saplai za kompyuta, na zile nyekundu za unga wa chuma, hazifanyi kazi hii hata ukizungusha mara 20. Feraiti ni nyeusi au kijivu, na nyingi hazina alama. Kama huna uhakika na uliyouziwa, zungusha waya mwembamba mara 10 upime indaktansi: FT140-43 itatoa kati ya mikrohenri 70 na 110. Ikitoa 1 au 2, umeuziwa kitu kingine.

Kitovu na viungo

Kitovu ni kibao cha plastiki kinachoshika mikono miwili na kebo katikati ya antena: kikate sentimita 6 kwa 4. Toboa tundu juu la kuning'inizia, matundu matatu ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya waya, na mawili chini kwa ajili ya kebo. Waya upitishwe kwenye matundu yote matatu, juu, chini, juu, ndipo ncha yake iende kulehemiwa kwenye koaksi: waya wa kati kwa mkono mmoja, shildi kwa mwingine. Lengo ni mzigo wote ubebwe na plastiki. Mahali palipolehemiwa pasivutwe hata kidogo. Waya ulionyonya risasi ni mgumu kama kijiti, na hukatika pale pale ugumu unapoishia.

Kisha ziba. Shildi iliyo wazi hunyonya maji kama utambi, na maji yakiingia kwenye koaksi hayatoki. Tumia silikoni isiyo na harufu ya siki. Ile inayonuka siki ina asidi inayokula shaba, na baada ya miezi michache utakuta unga wa kijani mahali penye kiungo chako.

Viungo vinne vinatengenezwa kwa namna moja. Kila kimoja ni kijibao cha sentimita 5 kwa 1.2 chenye matundu mawili kila mwisho. Waya wa ndani unaingia tundu la kwanza na kutokea la pili, unaacha mkia wa sentimita 4 wenye pini dume. Wa nje unafanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili, na pini jike. Bana pini kwa koleo, lehemu kidogo, kisha vika mpira wa kusinyaa ufunike pini na sentimita moja ya plastiki ya waya, ili kukunjana kusitokee penye risasi. Klipu za mamba hupendwa kwa urahisi wake, lakini ukanda wa pwani hazimalizi msimu: chumvi hula springi, na kiungo kinaanza kukatakata mawasiliano kila upepo unapovuma.

Mkia wa ndani ni sehemu ya urefu hata kiungo kikiwa wazi. Pima antena mikia ikiwa inaning'inia kama itakavyokuwa siku ya kazi. Ukipima ikiwa imebandikwa kwa tepu halafu ukaiachia, masafa yatahama.

Kuisimamisha

Mlingoti ukiwa mita 7 na ncha za waya zikiwa mita 2 juu ya ardhi, kila ncha itakuwa karibu mita 9 kutoka mlingoti ukipima chini. Kamba ikiendelea na mteremko uleule, kigingi kinakaa mita 12 na nusu. Kwa hiyo chagua uwanja wenye mita 25 za mstari ulionyooka, piga hatua zako kabla ya kufungua begi, na kata kamba za ncha mita 5 kila moja. Pembe ya juu itakuwa kama digrii 120. Isishuke chini ya 90, maana mikono ikikaribiana kila mmoja unafuta kazi ya mwenzake. Na mita 2 za ncha si urembo: mwisho wa nusu wimbi ndipo volti zinapokuwa kubwa kuliko mahali pengine pote, na watoto hupenda kuja kuona.

Mikono miwili ya waya inashikilia mlingoti pande mbili. Kamba ya tatu, ifungwe kwenye urefu wa mita 2 na kuvutwa kwa pembe mraba, inatosha siku tulivu. Kwenye upepo ongeza ya nne upande wa pili.

Palipo na mti mzuri mlingoti unaweza kubaki nyumbani. Jaza mfuko mdogo wa turubai mchanga wa gramu 250, ufunge kamba nyembamba, rusha juu ya tawi kwa kuubembea kutoka chini. Mfuko ni bora kuliko chupa ya maji, kwa sababu shingo ya chupa hunasa kwenye panda za matawi. Wakati wa kushusha fungua mfuko kwanza, kisha uvute kamba ikiwa ncha tupu isiyo na fundo. Mgunga wenye miiba utakula kamba yako hata hivyo, tafuta mwembe.

Kabla ya kurusha chochote, tazama juu. Nyaya za msongo wa kati zinazokatiza mashamba vijijini ni za volti 11,000 au 33,000, hazina plastiki, na wakati wa jua kali hazionekani vizuri. Kaa mbali nazo angalau mara mbili ya urefu wote wa antena. Radi ikisikika, hata ya mbali, shusha na uondoke kwenye waya. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na kilele cha mlima hakikuhurumii.

Kuiweka kwenye masafa

Fanya kazi hii antena ikiwa juu kamili, mahali pa wazi. Kipimo kilichochukuliwa waya ukiwa kwenye uzio wa nyumbani hakikusaidii. NanoVNA ni kifaa cha kupima antena cha bei nafuu kinachotosha: irekebishe kwanza kwa vipande vyake vitatu, wazi, shoti, na omu 50, kisha unganisha kebo na utafute SWR inashuka chini kabisa wapi.

Anza ndani kwenda nje, bila kuruka. Viungo vyote wazi, rekebisha bendi ya mita 20. Ukimaliza hiyo usiiguse tena. Funga viungo vya ndani pande zote mbili, rekebisha 30 kwa kupunguza kipande cha kati. Mwisho 40, kwa kipande cha nje. Ukianza na 40 utafanya kazi mara mbili, kwa kuwa kila sentimita unayotoa ndani inahamisha bendi zote zilizo nje yake.

Kiasi cha kukata si cha kubahatisha. Zidisha urefu ulionao kwa masafa uliyopima, kisha gawa kwa masafa unayotaka. Tuseme mkono wa mita 5.20 umeitikia kwenye 13.65 na unataka 14.15: 5.20 × 13.65 ÷ 14.15 ni 5.02, hivyo toa sentimita 18 kila mkono. Toa 12 kwanza, pima tena, ndipo umalizie. Ukikaribia, kumbuka namba hizi: sentimita moja kila mkono huhamisha karibu kilohezi 28 kwenye bendi ya mita 20, 14 kwenye ya 30, na 7 kwenye ya 40. Badala ya kukata kipande cha mwisho cha nje, kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe na kuufunga. Siku ukiwa kwenye udongo mkavu au mwamba, utaikunjua kidogo.

SWR ya 1.5 inatosha kabisa. Kuhangaika kutoka 1.4 hadi 1.1 ni kupoteza mchana ambao ungefanya mawasiliano.

Inafika wapi

Mita 7 ni chini sana kwa wimbi la mita 40, na hilo si ubaya. Nguvu nyingi inapanda karibu wima, inarudishwa na ionosfia, tabaka la juu la angahewa, na kuanguka kama mwavuli juu ya eneo la mamia ya kilomita. Nairobi na Mombasa, Arusha na Dar es Salaam, hizo ndizo njia zake za mchana, milima ikiwepo au isiwepo, na ndiyo bendi ya kutegemea wakati wa mafuriko simu zinapokatika. Mita 20 ni za mbali: Ulaya, Ghuba, na zaidi jioni.

Ukiwa ufukweni, mambo yanabadilika, na hapa tunakushawishi ubadili antena. Maji ya chumvi ni kioo bora cha wimbi lililosimama wima, na hufungua pembe za chini ambazo udongo mkavu huzimeza. Chukua kipande cha mita 5 hivi, kipandishe wima kwenye mlingoti, unganisha na waya wa kati wa koaksi. Kwenye shildi unganisha nyaya mbili za mita 5 zilizonyooshwa pande mbili, mita moja juu ya mchanga. Weka choki ileile hapo chini. Simamisha mita chache tu kutoka kwenye maji, na angalia ratiba ya maji kujaa kabla hujakaa.

Mahali pembamba, mfano ukingo wa mlima usio na nafasi ya mikono miwili, wengi hutumia waya wa mita 20.2 unaolishwa mwisho kupitia transfoma ya 49 kwa 1: pete hiyohiyo ya FT140-43, zungushi 2 upande wa redio, 14 upande wa waya, na kapasita ya pikofaradi 100 upande wa redio. Inasimama kwa dakika tano na kushika mita 40, 20, 15 na 10. Gharama yake ni joto ndani ya pete, na kebo inayotaka kuwa sehemu ya antena. Ni antena nzuri ya pili.

Ikigoma

SWR iko juu bendi zote: kagua pini, kisha tingisha kila kiungo huku mwenzako anatazama mita. Usishangae ohmita ikionyesha hakuna njia kati ya waya wa kati na shildi, maana daipoli hii ndivyo ilivyo. Bendi moja tu imehama: kuna kiungo kimefungwa mkono mmoja na kusahauliwa mwingine. SWR ni nzuri ajabu kila mahali lakini husikii watu: koaksi imeingia maji. Kebo inayopoteza nguvu nyingi huficha SWR, na uzuri huo ni wa uongo, badilisha kebo. Kelele nzito mfululizo: tafuta chaja ya sola, inveta au taa za LED jirani, na usogee mita 30.

Leseni yako, ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au ya nchi yako, tembea na nakala yake pamoja na risiti za vifaa. Mlingoti na waya porini huleta maswali ya haki kutoka kwa askari wa hifadhi na wenyeji, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kusimamisha. Leseni ya nchi moja usiichukulie kuwa ruhusa ng'ambo ya mpaka. Andika kuomba mapema.

Kukunja, zungushia waya kwa mtindo wa nane kwenye kibao chenye panda mbili, ukianzia kitovuni ili ncha zitoke kwanza safari ijayo. Mlingoti unapandishwa kuanzia kipande chembamba cha juu, na kushushwa kuanzia kinene cha chini. Kikigoma kushuka, kuna mchanga kwenye maungio: kizungushe huku ukisukuma, usikipige. Nyumbani fungua kifuniko cha kitako, toa vipande vyote, vifute kwa kitambaa chenye maji baridi na uviache vikauke kabla ya kuvirudisha.